Maswali yanayoulizwa kila msimu kuhusu kumjengea kwotabeki dogo ukuta wa mbele (Chicago Bears na wenzao)

Kila Septemba, msimu wa NFL (ligi ya futiboli ya Marekani) ukianza, maswali ni yaleyale. Dogo wa timu fulani, kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi), kalambwa chini mara 6 kwenye mechi moja, watu wanaanza kuulizana kosa la nani, laini mbovu au yeye mwenyewe, na kwa nini timu isinunue tu watu wa kumlinda. Nimeyakusanya hapa. Mfano mkubwa ni Chicago Bears kwa sababu kwao kabla na baada unaviona kwa macho, ila na wengine tutawagusa. Swali likiwa limeshajibiwa sehemu nyingine nakuelekeza huko, sirudii.

## Ya msingi

Laini ya mbele ni akina nani, na mbona majina yao hayajulikani?

Ni watu watano wanaosimama mbele ya kwotabeki timu ikiwa na mpira. Katikati yuko senta, ndo anayeutoa mpira kwa kuupitisha katikati ya miguu yake. Kulia na kushoto kwake kuna magadi wawili, alafu mwisho kabisa kila upande kuna mlinzi wa pembeni, wenyewe wanamwita takeli. Kazi ni mbili tu, kumfungulia njia mkimbiaji na kumzuia adui asimfikie kwotabeki.

Wanavaa namba 50 mpaka 79 na kwa kawaida hawaruhusiwi kupokea pasi, kwa hiyo hawana tachidauni (kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa adui na kupata pointi), hawana yadi, na kwenye huu mchezo asiye na takwimu hana jina. Mara nyingi utamsikia pale refa anapowasha maiki na kutaja namba yake kwamba kamshika mtu, mnarudishwa yadi 10.

Saki ni nini na kwa nini watu wanaililia hivyo?

Saki ni kwotabeki kuangushwa na mpira mkononi kabla hajapasia. Unapoteza jaribio zima (timu ina manne ya kusogea yadi 10), unarudi nyuma yadi sita saba hivi, na ukiwa ulibakiza yadi 4 sasa umebakiza 11, kocha kitabu chake chote cha mbinu kinabaki kurasa mbili. Bado hatujaongelea mpira kudondoka, wala goti.

Ila saki ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Kubwa zaidi ni presha, yaani zile mara ambazo hakuangushwa ila alilazimika kutupa haraka, kukimbia, au kurusha huku mtu kamning'inia mguuni. Hizo haziingii kwenye jedwali la saki na ndo zinazomharibu dogo polepole.

Kwa nini dogo anaumia zaidi kuliko mkongwe nyuma ya laini hiyohiyo?

Kwa sababu mkongwe anajua kabla. Anasoma ulinzi wa adui kabla mpira haujatoka, anaona yule jamaa wa kushoto anavyoegemea mbele, anambadilishia senta maelekezo, na mpira unamtoka ndani ya sekunde mbili na nusu. Dogo katoka chuo ambako alikuwa anaangalia benchi la makocha, anaonyeshwa mabango yenye picha, anapewa mchezo ukiwa umeshaiva. Huku juu anatakiwa apike mwenyewe, na wakati anafikiria, mtu wa kilo 120 ameshamfikia.

Alafu kuna mazoea. Akishapigwa sana macho yake yanaacha kuangalia wapokeaji yanaanza kuangalia wanaokuja, anatoka poketini (eneo la nyuma ya laini anapolindwa) hata pale ambapo hakuna presha. Wamarekani wana msemo wao kwamba kwotabeki kama huyo anaona mizimu. Ukifika hapo hata umletee laini ya dhahabu inachukua muda kumrudisha.

Nataka kujifunza kuangalia laini, nianzie wapi?

Acha kuufuata mpira. Mara kumi za kwanza mpira unapotolewa angalia senta peke yake. Kabla ya mpira kutoka utamwona ananyoosha kidole kwa mtu mmoja wa ulinzi, hapo anawaambia wenzake huyu ndo tunaanza kumhesabia, wewe chukua yule na wewe chukua yule. Kisha angalia miguu ya wa pembeni: hatua zake za kurudi nyuma ni fupifupi na mgongo umekaa wima au kashaanza kuinama? Akiinama amekwisha, mwenzake anamvuta mikono anapita. Na angalia wakati adui wawili wanapobadilishana njia, mmoja anaingia ndani mwingine anazunguka nje. Gadi na jirani yake wanatakiwa wapokezane bila kusema neno. Laini mpya inafeli hapo karibu kila mara.

Kwa walioko Afrika Mashariki, mechi za kwanza za Jumapili zinaanza saa 2 usiku mpaka mwanzoni mwa Novemba, kisha zinasogea saa 3 kwa sababu Wamarekani wanarudisha saa zao nyuma. Super Bowl, fainali ya ligi, ni saa 8 na nusu usiku kuamkia Jumatatu, panga likizo mapema.

## Kesi ya Chicago

Caleb Williams aliangushwaje mara 68 kwenye msimu mmoja?

Williams, kwotabeki wao, alichaguliwa wa kwanza kabisa kwenye drafti ya 2024 (drafti ni timu kuchagua kwa zamu vijana wa vyuoni, raundi kwa raundi) akitokea chuo cha USC, na Heisman yake ya 2022, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mkononi. Chicago ni timu ambayo mashabiki wake wanasubiri kwotabeki wa maana tangu babu zao. Msimu wake wa kwanza ukaisha 5-12 (ushindi 5, vipigo 12), ndani yake kuna vipigo 10 mfululizo, na saki 68, nyingi kuliko za kwotabeki yeyote mwaka ule na rekodi mbaya ya klabu. Kwenye historia nzima ya ligi waliomzidi kwa msimu mmoja ni wawili tu, David Carr mwaka 2002 (76) na Randall Cunningham mwaka 1986 (72).

Sababu zilikuwa rundo. Laini ilikuwa inabadilika karibu kila wiki kwa majeruhi. Gadi Nate Davis aliyesajiliwa kwa hela nzuri aliachwa msimu ukiwa katikati. Mechi ya Novemba dhidi ya Patriots dogo akaangushwa mara 9 wakafungwa 19-3, siku mbili baadaye kocha wa mashambulizi Shane Waldron akafukuzwa, na kabla mwezi haujaisha kocha mkuu Matt Eberflus naye akaenda. Kubadilisha kocha wa mashambulizi katikati ya msimu maana yake hata wale watano wanajifunza maelekezo mapya wakiwa vitani. Na ndiyo, Williams mwenyewe alichangia, angalia swali la lawama chini huko.

Ajabu ni kwamba katika hayo yote alimaliza na tachidauni 20 za pasi na mipira 6 tu iliyonaswa. Hapo ndo viongozi walipoona kwamba mtu wanaye.

Si walishawahi kufanya kosa hilihili na Justin Fields?

Walifanya, na hilo ndo linawauma watu wa Chicago. Septemba 2021 Fields, kwotabeki wao kabla ya Williams, alianza mechi yake ya kwanza kule Cleveland, wakamwangusha mara 9, Myles Garrett peke yake saki nne na nusu. Ukichukua yadi alizopasia ukatoa zilizopotea kwenye saki, timu nzima ilibaki na yadi 1 ya pasi. Moja. Mlinzi waliyemchagua drafti ileile ili amkinge, Teven Jenkins, alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa mgongo. Mwaka uliofuata Fields akala saki 55, na Machi 2024 akauzwa.

Machi 2025 walifanya nini hasa?

Kwanza walishamchukua Ben Johnson, aliyekuwa anaongoza mashambulizi ya Detroit Lions nyuma ya moja ya laini bora za ligi. Alafu ndani ya siku chache wakabadilisha katikati yote:

Joe Thuney, gadi wa kushoto, kutoka Kansas City Chiefs kwa chaguo la raundi ya nne la 2026. Mtu mwenye pete nne za Super Bowl, mbili za Patriots na mbili za Chiefs, kwa raundi ya nne! Chiefs walikuwa wameamua kumbakiza gadi wao mwingine, Trey Smith, kwa hela kubwa, na kikomo cha mishahara hakikuwaruhusu wote wawili. Bears baadaye wakamwongezea Thuney miaka miwili kwa dola milioni 35.

Jonah Jackson, gadi wa kulia, kutoka Rams kwa raundi ya sita. Huyu alishacheza chini ya Johnson kule Detroit, kwa hiyo lugha ya kocha anaijua.

Drew Dalman, senta, alikuwa mchezaji huru (mkataba wake umeisha) kutoka Atlanta, miaka mitatu dola milioni 42.

Kulia mwisho alibaki Darnell Wright, chaguo la 10 la drafti ya 2023. Kushoto mwisho wakaacha pagombaniwe, wakamwongeza Ozzy Trapilo raundi ya pili kutoka Boston College. Na chaguo lao la kwanza kabisa, namba 10, hawakuchukua mtu wa laini, walichukua taitendi (mpokeaji anayesaidia pia kuzuia) Colston Loveland. Watu walipiga kelele sana usiku ule.

Kwa nini walianza na katikati badala ya mlinzi wa pembeni kushoto anayeshika mgongo wa kwotabeki?

Mi naona hili ndo swali zuri kuliko yote kwenye ukurasa huu, na ndo sehemu ambayo timu nyingi zinakosea.

Presha ya pembeni inakuja kwa kuzunguka. Jamaa anakimbia upinde mrefu, na kwotabeki akimwona au akimhisi anapiga hatua moja mbele, yule anapita nyuma yake. Presha ya katikati haina mzunguko, inamjia usoni, hana pa kupiga hatua, haoni wapokeaji kwa sababu mbele yake kuna mikono, na akikimbilia pembeni anakutana na wale waliokuwa wanazunguka. Kwotabeki mfupi au dogo asiyejua kutulia ndo kabisa. Williams sio mrefu sana, na tabia yake ya kwanza ni kutoroka.

Sababu ya pili ni akili. Senta na magadi ndo wanaosoma blitzi (adui kutuma watu wa ziada kumvamia kwotabeki) na kupanga nani amzuie nani. Ukiweka hapo watu watatu waliocheza mechi nyingi, dogo anapunguziwa nusu ya kazi ya kufikiria. Na ya tatu ni bei, walinzi wa pembeni wazuri hawaingii sokoni, timu zao haziwaachii, magadi unawapata.

Ushahidi ni huu: 2025 nzima Bears hawakuwahi kutulia upande wa kushoto mwisho. Braxton Jones alianza akawekwa benchi, akaingia Theo Benedet, Mkanada ambaye hata kwenye drafti hakuchaguliwa, kisha Trapilo. Watu watatu kwenye nafasi ambayo vitabu vinasema ndo roho ya laini. Na bado dogo alilindwa.

Na matokeo?

Saki zikashuka kutoka 68 mpaka 24. Timu ikamaliza 11-6, ikachukua ubingwa wa kundi lao lenye Packers, Lions na Vikings, ikawatoa Packers kwenye mtoano wakiwa nyuma 21-3 mpaka mapumziko, kisha ikatolewa na Rams muda wa nyongeza. Wakimbiaji nao wakaanza kupita, na hilo ndo wengi wanasahau, laini ikifungua njia ya kukimbia, adui hawezi kumfuata kwotabeki tu kila mchezo.

Ila tusidanganyane, asilimia ya pasi zilizofika ilikuwa 58 tu, chini ya mwaka wake wa kwanza. Laini inakupa muda, haikupi shabaha.

Sasa ni laini au ni kocha?

Vyote, na huwezi kuvitenganisha kwa mizani. Johnson alimweka Williams karibu na senta mara nyingi zaidi badala ya kusimama yadi tano nyuma, akatumia sana ule mchezo wa kujifanya anampa mkimbiaji mpira, akamtoa poketini kwa makusudi badala ya kumwacha atoroke mwenyewe. Yote hayo yanampunguzia mzigo mtu wa laini. Lakini mbinu hizo zinahitaji magadi wanaoweza kukimbia pembeni kwa pamoja bila kupishana, na laini ya 2024 isingeweza. Wiki ya pili tu ya msimu huohuo wa 2025 Lions waliwapiga 52-21, kocha yupo, laini mpya ipo. Inachukua muda kushonana.

## Drafti, soko na hela

Bora kuchagua kwenye drafti au kununua watu wazima?

Kwa dogo aliyeshaanza kucheza, nunua katikati sasa hivi, chagua wa pembeni kwenye drafti. Mtoto wa drafti anakuja na makosa yake mwenyewe, alafu unakuwa na watoto wawili wanajifunza kwa kuumizana. Raundi ya kwanza sio dhamana pia. Giants walimchukua Evan Neal namba 7 mwaka 2022 kwa ajili ya kulinda upande wa kulia, haikufanya kazi. Raiders walimchukua Alex Leatherwood namba 17 mwaka 2021, mwaka uliofuata wakamkata.

Upande mwingine wa sarafu: Trey Smith wa Chiefs alichaguliwa namba 226, raundi ya sita, kwa sababu timu ziliogopa historia yake ya damu kuganda.

Kwa nini vijana wa laini wanachelewa kuiva siku hizi?

Vyuoni wanacheza mfumo wa haraka, wanasimama wima, mpira unatoka upesi, wengine hawajawahi kuinama na kugusa chini kwa mkono mpaka wafike NFL. Wakifika, mkataba kati ya ligi na chama cha wachezaji unaruhusu mazoezi 14 tu ya kuvaa kinga zote msimu mzima. Kazi ya laini huwezi kuijifunza kwa kaptula. Mpokeaji anaweza kukimbia njia zake peke yake saa 12 asubuhi, ila gadi bila mtu wa kilo 140 wa kusukumana naye anafanya mazoezi ya nini?

Bengals walikosea kumchukua Ja'Marr Chase badala ya Penei Sewell?

Swali hili halitakufa. Kwotabeki wao Joe Burrow alipasuka goti Novemba 2020 akiwa ruki (mwaka wake wa kwanza), kila mtu akasema drafti ya 2021 lazima mlinzi. Wakamchukua mpokeaji Chase namba 5, rafiki yake Burrow wa chuo cha LSU, na mlinzi Sewell akaenda Detroit namba 7. Chase akapata yadi 1,455 mwaka wa kwanza, Bengals wakafika Super Bowl. Kwa hiyo hawakukosea.

Lakini. Burrow aliangushwa mara 51 kwenye msimu ule, alafu mara 19 zaidi kwenye mtoano, zikiwemo 9 kwenye mechi ya Titans ambayo walishinda 19-16 kwa miujiza, na 7 kwenye Super Bowl waliyofungwa na Rams 23-20. Mchezo wa mwisho kabisa wa mashambulizi yao Aaron Donald wa Rams alikuwa ameshamzungusha Burrow wakati Chase yuko huru kule mbele. Maoni yangu: kumchagua Chase lilikuwa sawa, kosa lilikuwa kuingia msimu na magadi wale. Baada ya hapo walinunua watu watatu kwa mpigo (Cappa, Karras, Collins), na mtoano wa Januari 2023 wachezaji watatu wa laini wakawa majeruhi. Bahati nayo ina sehemu yake.

Hela ya kununua laini inatoka wapi wakati kuna kikomo cha mishahara?

Inatoka kwa dogo mwenyewe. Tangu makubaliano ya 2011 mishahara ya wanaotoka drafti imepangwa. Williams, namba moja wa dunia, mkataba wake wa miaka minne ni kama dola milioni 39.5 zote. Dak Prescott, kwotabeki wa Dallas, anachukua milioni 60 kwa mwaka mmoja. Kikomo cha timu nzima 2025 kilikuwa dola milioni 279.2. Hiyo tofauti ndo inanunua Thuney, Dalman na Jackson.

Kwa hiyo dirisha ni dogo, miaka minne, mitano ukitumia mwaka wa nyongeza wa waliochaguliwa raundi ya kwanza. Timu inayosema tujenge taratibu, laini tutaishughulikia mwaka wa nne, inajenga wakati hela inaisha.

Ukarabati wote unachukua muda gani?

Inategemea una nini cha kuanzia. Chiefs walifanya kwa kiangazi kimoja. Februari 2021 walifungwa Super Bowl na Tampa Bay 31-9, walinzi wao wote wawili wa pembeni, Fisher na Schwartz, wakiwa majeruhi, kwotabeki wao Patrick Mahomes akakimbia karibu yadi 500 nyuma ya laini akitafuta tu pa kurushia. Mpaka msimu mpya unaanza laini yote ilikuwa watu wapya: Thuney sokoni, Orlando Brown Jr. kwa kubadilishana na Ravens, Creed Humphrey raundi ya pili, Trey Smith raundi ya sita. Miaka miwili baadaye wakakutana na Eagles waliokuwa na saki 70 kwenye msimu. Super Bowl ile Eagles hawakupata saki hata moja.

Dallas walienda njia ndefu: Tyron Smith 2011, Travis Frederick 2013, Zack Martin 2014, wote raundi ya kwanza, na huyo wa mwisho walimchukua wakati nusu ya Texas inataka wamchukue kwotabeki Johnny Manziel. Mwaka 2016 kwotabeki wao kaumia, akaingia dogo wa raundi ya nne anaitwa Dak Prescott. 13-3. Nyumba ilikuwa tayari kabla mwenye nyumba hajafika.

## Lawama

Kila saki ni kosa la laini?

Hapana. Kuna saki ya gadi kuzidiwa nguvu, kuna saki ya mkimbiaji kusahau kumzuia mtu wa blitzi, kuna saki ya wapokeaji wote kukabwa, na kuna saki ya kwotabeki kukaa na mpira sekunde nne akisubiri kitu kizuri zaidi. Williams 2024 alikuwa na hizo za mwisho nyingi tu, chuoni alizoea kuzunguka na kutoroka na watu wakashangilia, huku juu wanaomfukuza wana kasi kama yake.

Njia rahisi ya kujua: hesabu moja, mbili, tatu mpira ukitoka. Akiangushwa kabla hujasema mbili, ilaumu laini. Baada ya tatu anza kumwangalia dogo. Katikati hapo bishaneni.

Si bora dogo akae benchi mpaka laini iwe tayari?

Wakati mwingine, ndiyo. Mahomes alikaa nyuma ya Alex Smith 2017 karibu msimu mzima, hakuna aliyekufa. Mfano wa kinyume ni kwotabeki David Carr: Houston Texans walikuwa timu mpya kabisa 2002, wakampanga mtoto kuanzia siku ya kwanza. Mlinzi waliyemtegemea, Tony Boselli, walimchukua wa kwanza kwenye drafti maalum ya timu mpya, bega likamkatalia, hakuwahi kuwachezea hata mechi moja. Carr akaangushwa mara 76, na 2005 tena mara 68. Alikuwa chaguo namba moja, na hakuna aliyewahi kujua angekuwa nani.

Shida ya kumweka benchi ni ile ya dirisha la hela niliyoeleza juu. Na pia laini haijifunzi sauti yake. Kila kwotabeki ana namna yake ya kuhesabu mpira utoke, ukibadilisha mtu unaanza kuona watu wanajongea kabla ya wakati, yadi 5 nyuma, yadi 5 nyuma.

Mbinu zinaweza kuficha laini mbovu?

Kwa wiki tatu nne. Pasi za haraka, pasi fupi za pembeni, taitendi abaki kuzuia. Baada ya hapo makocha wengine wamekuangalia kwenye video, wanasogea karibu, hakuna njia fupi tena. Laini ni kama wavu wa kuvulia, tundu moja likijulikana samaki wote wanapitia hapohapo, na kila kocha wa ulinzi anatafuta tundu lako kuanzia Jumatatu.

## Maswali ya pembeni

Kwotabeki akitumia mkono wa kushoto inakuwaje?

Mgongo wake unageukia upande wa kulia, kwa hiyo wa pembeni kulia ndo anakuwa mlinzi wa mgongo. Tua Tagovailoa ni hivyo, Michael Penix Jr. ni hivyo. Hoja ya katikati haibadiliki.

Umejenga vizuri, kisha wote wakaumia. Unafanyaje?

Unaomba. Chargers 2025 walikuwa na walinzi wawili wa pembeni ambao ligi nzima iliwaonea wivu, Rashawn Slater na Joe Alt. Slater alisaini mkataba mpya Julai, Agosti akapasuka goti mazoezini, msimu umekwisha kabla haujaanza. Alt akafuata na kifundo cha mguu. Kwotabeki wao Justin Herbert akala saki 54. Kitu pekee unachoweza kupanga ni mtu wa sita anayeweza kucheza pande zote mbili, na huyo timu nyingi zinamnunua mwisho kabisa na hela iliyobaki, alafu ikifika Oktoba ndo mtu muhimu kuliko wote.

Laini nzuri ipo na dogo bado anaumia, je?

Inatokea. Washington walimleta Laremy Tunsil kutoka Houston Machi 2025 na kumchagua Josh Conerly Jr. raundi ya kwanza, yote kwa ajili ya kwotabeki wao Jayden Daniels. Novemba mechi ya Seahawks Daniels akateguka kiwiko, mwaka ukaharibika. Kwotabeki anayekimbia anapokea vipigo ambavyo laini haihusiki navyo, mlinde poketini utakavyo, akishatoka nje ni yeye na Mungu wake.

Ukichelewa sana inakuwaje?

Kwotabeki Andrew Luck. Colts walimpata 2012 wakamwacha apigwe miaka mitano, figo ikachanika 2015, 2017 nzima hakucheza kwa bega. Drafti ya 2018 ndo wakamchukua gadi Quenton Nelson namba 6 na Braden Smith raundi ya pili. Mwaka huo Luck aliangushwa mara 18 tu, akacheza vizuri mno. Agosti 2019 akastaafu, ana miaka 29.

Mtu ambaye hajawahi kucheza huu mchezo anaweza kuingia kwenye laini?

Yupo mmoja, Jordan Mailata wa Eagles, Mwaustralia aliyekuwa anacheza raga ya ligi. Walimchukua raundi ya saba 2018 akiwa hajawahi kucheza hata mechi moja ya futiboli ya Marekani, wakamkabidhi kwa kocha wa laini Jeff Stoutland, na Februari 2025 alikuwa mlinzi wa kushoto wa mabingwa. Ana urefu wa zaidi ya mita 2 lakini, kwa hiyo kabla hujampigia simu binamu yako mcheza raga, mpime kwanza.